Meno Manne ya Rael

Tulimzika Daktari Gathogo kule Bahati mwezi uliopita, na kitu ambacho hakijanitoka tangu siku hiyo ni kicheko. Kijana mmoja, daktari wa meno mwenye kliniki ya vioo vitupu pale mjini, alisimama kusema machache kwa niaba yetu sisi watu wa meno. Akasema marehemu aling'oa meno ya nusu ya Nakuru, na ile nusu nyingine ilisalimika kwa sababu iliogopa kupanda ngazi za kliniki yake. Hema zima likacheka, hata mjane akacheka. Mimi sikucheka. Nilikasirika hadi wali ukanishinda kumeza, na jirani yangu akaniuliza kama ni sukari imepanda. Kijana hakusema uongo. Daktari aling'oa, na aling'oa mengi mno, mengine ambayo leo tungeyaokoa bila jasho. Lakini nilimwona mara moja akiwa na koleo mkononi, meno mazima mbele yake na mgonjwa akimwamuru ang'oe, na mimi ndiye niliyekuwa nimeshika trei. Hao waliocheka hawakuwa chumbani siku hiyo. Mwaka huo ndio ulionitia katika kazi hii, na nimeifanya hadi mikono ilipoanza kutetemeka nikamwachia kiti mtu mwingine.

Nilikuwa nimemaliza shule na nangoja kuitwa chuo kikuu, na siku zile kungoja kulikuwa kazi ya mwaka mzima. Kliniki ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vitambaa, si mbali na soko. Ukifungua mlango ulipokewa na harufu ya mafuta ya karafuu, kisha dawa ya kusafishia sakafu, kisha jasho la watu walioshika mashavu kwenye mabenchi mawili. Kati ya mabenchi na kiti cha daktari palikuwa na ukuta wa mbao nyembamba, kwa hiyo waliongoja walisikia kila kitu: koleo likiwekwa kwenye beseni, mtu akiguna, Daktari akisema, "Tayari, tema." Wengine walisikia hivyo wakashuka ngazi bila kuaga. Glavu hatukuwa nazo. Daktari aliosha mikono kwa sabuni nyekundu hadi kwenye viwiko, na vyombo tulivichemsha kwenye sanduku la chuma lililonguruma mchana kutwa. Mashine ya kutobolea iliendeshwa kwa mikanda na ilipoanza kuzunguka hata mimi niliuma meno. Siku hizi namwona daktari kijana akipitisha kijiti chenye mwanga mdomoni mwa mtu, meno yote yanatokea kwenye skrini, na mashine ya pembeni inachonga jino jipya mgonjwa akisoma simu. Nafurahi, nisidanganye. Nafurahi na naona wivu.

Wagonjwa wetu walitoka Njoro, Subukia, Gilgil, Elburgon, na wengi walifika wakiwa wameshaamua. Mtu aliketi, akafungua mdomo, akaonyesha kidole: hili. Alikuwa ameshajaribu tumbaku, chumvi, na dawa za mitishamba, akakesha, na sasa alitaka jino litoke ili aende akanyunyizie mahindi dawa. Kutibu mzizi kulitaka mtu arudi mara kadhaa, na nani angeacha shamba lake mara kadhaa kwa ajili ya jino? Kwa hiyo kung'oa kulikuwa huruma, ndivyo Daktari alivyoona, na mgonjwa naye aliona hivyo hivyo. Tena meno ya kununua yalikuwa na heshima zake. Niliwaona waimbaji wa kwaya na walimu wakuu waliokuja kung'olewa ya mbele yaliyopindapinda ili wawekewe yaliyonyooka, wakaondoka wakijitazama kwenye vioo vya maduka. Daktari hakuwauliza maswali. Saa ya chakula tulikaa chumba cha nyuma, tukala githeri, mahindi na maharagwe, iliyopashwa moto kwenye jiko lile lile la kuyeyushia nta, rafu nzima ya mataya ya plasta ikitutazama, naye akanitania kwamba kazi yetu ni nzuri kwa sababu jino lililotoka halirudi kulalamika. Nilicheka. Nilikuwa mdogo na githeri yake ilikuwa na nyama.

Rael ndiye niliyeishi naye, chumba kimoja cha mabati kule Kaptembwo, pazia katikati. Alifundisha watoto wa nasari, alikuwa na sauti ya kuamsha mtaa, na meno yake yalikuwa ya kahawia. Hayakuwa machafu wala mabovu. Yalikuwa kahawia ya chai ya rangi iliyokaa jikoni, yenye vishimo vidogo kama vya hindi lililotobolewa na wadudu, na magumu kiasi kwamba alifungulia soda nayo. Watu wa Nakuru tunajuana kwa meno hayo hata tukikutana Mombasa. Yake yalizidi kwa sababu alikulia Kariandusi, ambako baba yake alifanya kazi kwenye machimbo ya udongo mweupe, na huo udongo ndio uliokuwa dawa yake. Kila akienda kwao alirudi na mkebe wa kakao uliojaa unga mweupe laini, na kila asubuhi, kabla majirani hawajatoka, alichuchumaa nyuma ya nyumba akasugua. Wasichana wote wa huko walifanya hivyo. Walisema ukisugua kwa bidii, kahawia itaisha kama kutu. Nilimsikia akisugua, nikamsikia akitema, na nilipotoka kwenda kuoga niliyaona mate yake chini, ya waridi. Kahawia ilibaki pale pale na fizi ndizo zilizokuwa zikiisha.

Alikuwa na mchumba, Wycliffe, fundi mwanafunzi wa reli, kijana mpole asiye na makuu. Wazazi wa Rael walikuwa wamealikwa landhi, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, kwa kina Wycliffe siku ya Jumamosi, wiki ya pili baada ya Pasaka, watambulishwe rasmi. Kabla ya hapo Rael alikwenda mwenyewe siku moja kusaidia kupika, na akiwa nje anaosha sukuma wiki, akamsikia mama yake Wycliffe jikoni akimwambia mwanawe. Alinieleza jioni ile, akiyarudia maneno yale kwa sauti ya yule mama, bila kulia.

"Hiyo meno ni ugonjwa ya damu, Wycliffe. Iko kwa ukoo. Mimi nitaletewa wajukuu wameoza mdomo tangu wazaliwe."

Na Wycliffe alisema nini? Nikauliza. Rael akasema Wycliffe alinyamaza. Nadhani kimya hicho kilimuuma kuliko maneno ya mama, kwa sababu mama mkwe yeyote ana haki ya kuwa na maneno, lakini mchumba hana haki ya kunyamaza. Wengi waliamini kama yule mama. Waliona baba ana kahawia, mtoto ana kahawia, wakafunga hesabu. Hakuna aliyekuwa amewaambia vingine, nasi kliniki hatukuwaambia, kwa sababu kueleza hakukuwa sehemu ya kazi. Mgonjwa alikuja kutendewa. Hilo, nikiulizwa leo, ndilo badiliko kubwa kuliko mashine zote.

Rael hakuniambia alichopanga. Nilikuwa nafuta beseni nikasikia sauti yake upande wa pili wa mbao, nikasimama na kitambaa mkononi. Daktari alimuuliza ni lipi linauma. Akasema hakuna. Basi amekuja kufanya nini? Akasema anataka yote manne ya mbele ya juu yang'olewe, awekewe meupe, na yawe tayari kabla ya Jumamosi ya wiki ya pili baada ya Pasaka. Nilingoja Daktari amfukuze. Nilisikia kijiko cha chuma kikikoroga plasta. Alikuwa anampima taya.

Wiki zilizofuata nyumba yetu ya pazia ilikuwa kama ina mgonjwa mahututi. Nilimwambia meno yake hayana ubaya wowote, akaniambia ni rahisi kusema hivyo mwenye meno yangu. Nilimwambia atajuta, akasema majuto yake ni yake. Tulikula ugali kila mtu akitazama sahani yake. Kliniki nako meno yake mapya yalifika kutoka kwa fundi, manne meupe juu ya kipande cha plastiki ya waridi, yakakaa kwenye glasi ya maji dirishani, na kila nilipopita yalinicheka. Siku moja nilimsikia Daktari kwenye simu na rafiki aliyesoma naye, aliyekuwa Nairobi, wakibishana kuhusu namna ya kuondoa kahawia kwa asidi na unga wa kusugulia, kidogo kidogo, bila kung'oa. Nilingoja akate simu nikamuuliza kwa nini Rael asifanyiwe hivyo. Sijawahi kumwona amekasirika vile.

"Wewe umewahi kuona mdomo umechomwa na asidi?" akaniuliza. "Mimi nimeona. Usiniletee mambo ya simu hapa."

Hakuwa mwoga wa bure. Alikuwa amemwona mtu mtaani, aliyejifanya daktari, akimpaka msichana maji ya betri, na msichana yule aliletwa kwetu midomo ikiwa imebabuka. Kwa hiyo alichagua kile alichokijua. Nimekuwa na miaka mingi ya kumlaumu na siwezi. Mwaka jana tu, kabla sijaachia kiti, msichana mwenye meno mazuri kabisa alinijia na picha kwenye simu, akitaka nimsage yote ya mbele yawe vijiti, nimvalishe maganda meupe kama ya mtangazaji fulani. Nilimkatalia. Alikwenda kwenye kliniki ya vioo vitupu, akafanyiwa, na sasa ana meno ya kubadilishwa maisha yake yote. Tuliacha koleo, tukashika msumeno mdogo wenye maji ya kupoza. Watu wananiuliza kazi hii inaelekea wapi. Nadhani itafika mahali kompyuta itaona tundu kabla daktari hajaliona, tayari inaona, na mtu wa Gilgil atapigwa picha dukani asomewe na mtaalamu aliyeko mbali. Nakubali yote hayo. Lakini sijaona mashine iliyomwambia mgonjwa hapana.

Siku yenyewe Rael alikuja amevaa sketi yake ya kanisani. Aliniamkia kama mgeni. Daktari akamchoma ganzi, sindano ndefu, na machozi yalimtoka pembeni bila yeye kupepesa. Tulingoja mdomo ufe. Kwenye mabenchi kulikuwa kimya kwa sababu wote walijua ni msichana na meno ya mbele. Daktari aligonga jino la kwanza kwa mpini wa kioo chake, likatoa sauti kavu, akaligonga tena kana kwamba hakusikia. Kisha akashika koleo. Jino bovu hutoka kirahisi, linakuwa limeshakata tamaa. Hili lilikataa. Alisukuma, akavuta, akapumzika, akashika tena, na mkono wake wa kushoto ulioshikilia paji la uso la Rael ulianza kuteleza kwa jasho. Nilisikia mfupa ukilia. Niliisogeza trei karibu mno ikagonga kiti, na Daktari, bila kugeuka, akasema nitulie. Mwishowe likatoka. Akaliinua kwenye taa. Lilikuwa refu, mzizi mweupe safi, halina doa ila lile la kahawia usoni, na alilitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nikamkabidhi pamba. Akaipachika kwenye shimo, akaweka koleo kwenye beseni.

"Hili nimekuibia," akamwambia Rael. "Hizo zingine siwezi."

Rael alishika mikono ya kiti. Mdomo ulikuwa umekufa na damu ilikuwa imeloweka pamba, lakini maneno yake yalisikika hadi kwenye mabenchi.

"Maliza, Daktari. Umeanza, maliza. Nitaenda landhi na shimo?"

"Nikimaliza utakuwa mzee kabla ya wakati, taya imeshuka, na mimi nitakuwa nimekufa. Utamlaumu nani?"

"Nitajilaumu. Ng'oa."

Hakung'oa. Alivuta kigoda, akaketi mbele yake, magoti yao karibu yagusane, na kwa mara ya kwanza tangu niingie kazini nikamsikia akieleza. Alisema kahawia si damu wala ukoo. Ni maji. Jino hutengenezwa chini ya fizi mtoto angali mdogo, na maji ya visima vya upande ule yana kitu kinacholichoma rangi kabla halijatoka. Likishatoka limeshatoka na rangi yake, na kusugua hakusaidii, kunakula fizi tu. Akamuuliza kama ana ndugu ambaye hakulelewa Kariandusi. Rael akasema ana mdogo wake aliyelelewa na nyanya kule Londiani tangu akiwa mchanga, ambako walikinga maji ya mvua. Meno yake je? Nilimwona akifikiri, na kisha nikamwona akianza kulia, kilio cha nusu mdomo, nami nililia pia, kwa hasira zaidi kuliko huruma, kwa sababu jambo hilo dogo lingeweza kusemwa wiki kadhaa kabla na jino lingekuwa bado mdomoni.

Daktari alimpigia simu yule rafiki wa Nairobi mchana huo huo, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba. Siku chache baadaye kilifika kifurushi kwa basi: chupa ndogo ya asidi, unga wa kijivu, na vipande vya mpira mwembamba wa kuzuia fizi. Sijawahi kuwa na hofu chumbani kama siku aliyoifungua ile chupa, na nimeshika mambo mazito baadaye. Tuliweka bakuli la magadi yaliyokorogwa na maji, kazi yangu ikiwa kuyapaka mara asidi ikigusa pasipotakiwa. Daktari alipaka jino la kwanza kwa kijiti, akasugua kidogo, akaosha, akatazama, akapaka tena. Tone moja likateleza chini ya mpira likagusa mdomo, Rael akashtuka, nami nikawa nimeshapaka magadi kabla sijajua kama nimesogea. Alama ndogo nyekundu ilibaki, ikapona. Hadi jua lilipofika dirishani, yale matatu yaliyobaki yalikuwa yametoka kwenye chai ya rangi yakawa chai ya maziwa. Vishimo vilibaki. Daktari aliweka kijiti chini akajifuta uso na mkono wa koti, akatoka kwenda kusimama kwenye ngazi peke yake.

Likabaki pengo. Meno manne meupe kwenye glasi hayakuwa na kazi tena, ilibidi litengenezwe jino moja, na Daktari alitoa kile kijikadi cha rangi kilichokuja na sanduku la meno ya bandia kutoka kiwanda cha Ulaya, vijino vidogo vimepangwa kutoka vyeupe hadi vya manjano. Alivisogeza kimoja kimoja mdomoni mwa Rael. Hakuna kilichofanana. Hakuna mtu wa kiwanda kile aliyewahi kufikiria mdomo wa Kariandusi. Daktari akamuuliza kama aweke jeupe kabisa, kwa sababu hilo ndilo alilokuja kulitafuta, au ajaribu kuchanganya rangi mwenyewe. Rael aliomba kioo. Alijitazama, akainua mdomo kwa kidole, akatazama yale matatu.

"Weka yangu," akasema.

Daktari alilipaka jino hilo rangi mwenyewe dirishani, kwa brashi ya nywele chache, akiliweka na kuliondoa, na hata vishimo akavichora. Jumamosi ile nilikwenda landhi na kina Rael kama dada. Palikuwa na kuku, ugali na mchuzi, na mimi na Rael tulijua jambo ambalo hakuna mwingine mezani aliyelijua, kwamba kipande kile cha plastiki kilikuwa bado kinasogea na mfupa mmoja mgumu ungeweza kukitoa mbele ya watu. Rael alichana nyama kwa vidole, akatafuna upande mmoja taratibu, akasifu mchuzi. Kila alipouma mimi niliacha kupumua. Wazee walizungumza mvua, reli na bei ya mahindi. Wycliffe alitazama sahani yake. Kisha mama yake, aliyekuwa akimtazama Rael tangu tufike, akaweka kijiko chini na kusema lililomkaa rohoni, kwa sauti ya upole kabisa, mbele ya wote.

"Mwanangu, mimi ni mtu wa kusema wazi. Na hao watoto watakuwa na meno gani?"

Baba yake Rael, mtu wa machimbo, mwenye kahawia yake mdomoni, alifumba midomo. Nilimtazama Wycliffe, naye akainua kichwa kusema kitu, lakini Rael alikuwa ameshatangulia. Alitabasamu kwa meno yote, matatu yake na lile la kupakwa.

"Hii ni maji tu, mama. Ndugu yangu alikunywa ya mvua na yake ni nyeupe. Watoto watakunywa maji ya mvua."

Yule mama alimtazama mdomoni muda mrefu, hadi nikaanza kukunja kitambaa cha meza bila kujua. Kisha akachukua paja la kuku, akaliweka kwenye sahani ya Rael, na akamgeukia mwanawe.

"Wewe, umesikia? Utanunua tangi kubwa."